Sura ya Saba: Alama Mbili za Biri Moja

Muonjaji wa kahawa mjini Moshi hawekewi kikombe kimoja. Mezani hupangwa vikombe vitano vya kahawa ileile, naye hupita na kijiko chake kutoka kimoja hadi kingine, akifyonza kwa sauti na kutema. Utaratibu huo una haki ndani yake. Punje moja iliyooza yaweza kuharibu kikombe kimoja na kuviacha vinne salama, na katika fomu iliyotumika kwa miaka mingi na waonjaji wa kahawa bora duniani, kila kikombe kinachopotoka huipunguzia kahawa pointi mbili. Mkulima hahukumiwi kwa balaa la punje moja. Mnunuzi naye haoneshwi kikombe kimoja kizuri akadhani gunia zima liko hivyo.

Biri haina nafasi hiyo. Sigara hii nene ya majani matupu, isiyo na karatasi wala kichungi, husokotwa kwa mkono, na mbili zilizolala ubavu kwa ubavu katika sanduku moja huenda zimetoka kwa watu wawili tofauti, mmoja aliyelala vizuri na mwingine aliyekesha akiuguza mtoto. Ukiiwasha, baada ya saa moja imekuwa majivu, wala huwezi kurudi nyuma ukaionja upya. Hata hivyo magazeti huichapia alama: 88, 91, 94. Wanunuzi huzisoma alama hizo wakiwa na fedha mkononi, na wenye viwanda huzisubiri kwa hofu.

Nataka tuone alama hiyo inapatikanaje, na katika safari hiyo nitatetea jambo moja. Biri inastahili alama mbili, moja ya mkono ulioisokota na nyingine ya jani lenyewe, na alama hizo mbili zisijumlishwe.

Tuanze na jani. Magharibi mwa Cuba, katika mkoa wa Pinar del Río, kuna eneo liitwalo Vuelta Abajo, na ndani yake wilaya mbili, San Luis na San Juan y Martínez, ambazo wavutaji hulitaja jani lake kabla ya la mahali pengine popote. Udongo wake ni wa kichanga wenye wekundu, unaopitisha maji haraka. Tumbaku ya kuvisha biri kwa nje hulimwa chini ya mapazia ya kitambaa chepesi, jua lipungue na jani liwe pana, jembamba na laini. Tumbaku ya kujaza ndani huachwa juani.

Mche mmoja hauvunwi siku moja. Wavunaji huchuma majani machache machache kuanzia chini, kwa kuwa kila daraja la mche lina kazi yake. Majani ya chini, wanayoyaita volado, yana ladha ndogo lakini hushika moto vizuri. Ya katikati, seco, ndiyo yenye harufu. Ya juu, ligero, yamekaa juani muda mrefu kuliko mengine yote, nayo ni mazito, yenye mafuta na ukali mwingi, na huungua polepole. Mchanganyaji anapounda biri mpya anayapima madaraja hayo kati yao. Akizidisha ligero anapata biri kali inayozimikazimika. Akizidisha volado anapata inayowaka vizuri na isiyo na la kusema.

Wasomaji wa Tabora, Urambo na Kaliua wameishika tumbaku kwa mikono yao, lakini tumbaku yao ni ya njia nyingine, na tofauti hiyo ni muhimu sana kwa muonjaji. Tumbaku ya mvuke huingizwa katika bani, moto wa kuni huwashwa, joto hupita kwenye mabomba, na kwa muda wa wiki moja hivi jani limekauka likiwa na rangi ya dhahabu. Joto limeliua jani kabla halijaimaliza sukari yake. Moshi wa jani la namna hiyo una tindikali kidogo na hushuka kifuani bila kukwaruza sana, ndiyo maana likawa jani la sigara za kawaida.

Jani la Cuba halipelekwi haraka hivyo. Hutungwa kwenye fito na kuning'inizwa katika nyumba ndefu ya mbao, hewa ikapita, kwa siku zipatazo 50. Katika muda huo jani bado linajilisha lenyewe, linakula sukari yake mpaka iishe, na rangi inahama kutoka kijani hadi njano, kisha kahawia. Baadaye majani hurundikwa kwa matita, yakatiwa unyevu, yakapata joto kwa ndani na kuchachuka. Amonia hutoka, na ghala zima hunuka. Kazi hiyo hurudiwa. Kwa biri za Cohiba, chapa iliyoanzishwa mwaka 1966, baadhi ya majani huchachushwa hata mara ya tatu, ndani ya mapipa.

Moshi wa jani lililopitia hayo yote hauna tindikali. Una hali ya magadi, na nikotini iliyomo humo hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mdomo. Ndiyo sababu biri haivutwi mpaka mapafuni, na ndiyo sababu mtu asiyeimeza hata kidogo anaweza kuinuka kitini akapepesuka. Muonjaji asiyelijua hili atayachanganya mambo mawili, ladha na kizunguzungu, na kuipa alama ya juu biri iliyompiga kichwani tu.

Sasa mkono. Katika viwanda vya Havana msokotaji hukaa mbele ya meza ndogo ya mbao akiwa na kisu bapa chenye umbo la nusu mwezi, kibuyu cha gundi ya mimea isiyo na ladha, na mafungu ya majani aliyopimiwa asubuhi. Kila jani la kati hulikunja peke yake liwe mrija mdogo, ili hewa ipate njia. Ligero huliweka katikati kabisa, kwenye joto kali, maana likikaa pembeni litachelewa kuungua na biri itawaka upande. Fungu hilo hulivika jani gumu la kulifunga, hulibana kwenye kalibu, kisha huliviringishia jani la nje, akilivuta kwa kiasi cha kulinyoosha bila kulichana. Mwisho hukata kipande kidogo cha jani na kukifanya kofia ya kichwa. Fundi mzuri hufikisha biri zipatazo 100 kwa siku, kutegemea ukubwa na ugumu wa umbo.

Karibu kila kasoro utakayoikuta wakati wa kuvuta ilizaliwa mezani hapo. Biri iliyobanwa mno haipitishi hewa, na mvutaji hufyonza mpaka mashavu yanauma. Iliyolegea huwaka upesi, moshi ukawa wa moto na mchungu. Jani la kati likijipinda, hewa huziba. Pakiachwa uwazi, moto hupita ndani na kuliacha ganda likisimama tupu. Jani laweza kuwa la shamba bora kabisa la San Luis, mwaka uliokuwa na mvua za kadiri, likachachushwa na wazee wenye uzoefu, na bado mkono ukalinyonga. Mwanzoni mwa karne hii viwanda vya Cuba vilianza kutumia mashine ya kupima upitaji wa hewa kabla biri haijavishwa jani la nje, lakini hakuna mashine ya kupima kila kitu kinachotokea kati ya vidole kumi.

Na vidole hivyo vina mwenyewe. Tangu mwaka 1865 viwanda vya Havana vimekuwa na msomaji, mtu anayekaa mahali palipoinuka akawasomea wasokotaji kwa sauti wakati mikono yao ikifanya kazi. Zamani wafanyakazi wenyewe walichanga mfukoni kumlipa. Asubuhi husikiliza magazeti, baadaye riwaya. Chapa ya Montecristo, iliyoanzishwa mwaka 1935, yasemekana ilipata jina kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas waliyoipenda sana humo ndani. Watu waliosokota huku wakibishana kuhusu siasa na riwaya wanastahili kuhukumiwa kwa makini, kwa kazi yao wenyewe, bila kubebeshwa dhambi za mvua na udongo.

Kuna jambo la tatu linaloingia kwenye alama bila kualikwa, nalo ni jina. Chukua Partagás. Jaime Partagás alianzisha kiwanda chake Havana mwaka 1845, na baadaye chapa ikawa mikononi mwa familia ya Cifuentes. Mwaka 1960 serikali ya mapinduzi ilitwaa viwanda, na wenye chapa wengi wakaondoka kisiwani. Februari 1962 Rais Kennedy alitangaza marufuku ya biashara na Cuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba rais alimtuma kwanza akamtafutie biri 1,000 za Cuba, naye akarudi na 1,200, ndipo saini ikawekwa. Marufuku hiyo iliigawa dunia ya biri. Mbegu na mafundi walihamia Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nicaragua, na leo kuna Partagás mbili: ya Cuba, inayouzwa duniani isipokuwa Marekani, na ya Jamhuri ya Dominika, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko hilo la Marekani. Jina moja, kampuni mbili, majani tofauti kabisa.

Na hapa Afrika inaingia. Partagás ya Jamhuri ya Dominika ilijijengea sifa kwa jani lake la nje kutoka Kameruni. Jani hilo, linalolimwa Kameruni na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na wakulima wadogo, halihitaji mapazia ya kitambaa, kwa sababu mawingu ya ukanda ule wa misitu huchuja jua yenyewe. Ni jani jembamba, gumu kusokota, lenye vipele vidogo vya mafuta unavyovihisi kwa kidole, na lina utamu fulani mkavu ambao mashamba ya Amerika hayajaweza kuuiga vya kutosha. Waafrika wengi tunaoiona biri kama kitu cha mabwana wa ng'ambo hatujui kwamba baadhi ya zile zinazosifiwa sana zimevaa nguo iliyotoka kwetu.

Basi tuonje. Biri ya mfano wetu ni Partagás Serie D No. 4 ya Cuba, ya umbo liitwalo robusto: urefu wa milimita 124, unene wa kipimo cha 50. Kipimo hicho ni sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo 50 ni karibu milimita 20. Ni fupi na nene, na humalizika kwa dakika 45 hadi saa nzima.

Kabla ya kuiwasha uliza imetunzwa wapi. Biri hutakiwa kukaa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi. Katika miji yetu ya pwani joto la dukani hupita hapo karibu mwaka mzima, na joto huangua mayai ya fukusi wa tumbaku, ambaye huweza kuwa amelala ndani ya jani tangu shambani. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo kwenye jani la nje, usinunue, na usiiweke pamoja na nyingine. Katika nyanda za juu tatizo hugeuka: hewa kavu hulikausha jani, mafuta yakapotea, na biri hupasuka ukiibonyeza. Biri iliyoharibiwa na duka haipaswi kupewa alama yoyote. Irudishwe.

Iliyo nzima ibonyeze kwa vidole taratibu, kutoka mguuni hadi kichwani, ukitafuta mahali pagumu au palipo patupu. Tazama mishipa ya jani na mshono wa kofia. Kata kofia kidogo tu, kwa kisu kikali, usipite bega la biri, la sivyo jani la nje litafumuka. Kisha vuta hewa bila moto. Watu wengi hulipita jambo hili, nami naliona ni la lazima, kwa sababu ndipo unapoujua ufundi kabla ladha haijaanza kukushawishi. Hewa iwe na ukinzani kiasi. Ikipita bila kizuizi chochote, jua moto utakimbia. Kwenye ulimi utapata pia dalili ya kwanza ya jani lenyewe: nyasi kavu, zizi, tende, mbao za mwerezi.

Washa kwa njiti ndefu ya mbao au kwa kiberiti cha gesi. Mafuta ya taa, petroli na mshumaa vina harufu, na jani huishika. Mguu wa biri ushikiliwe juu ya mwali bila kuugusa, ukizungushwa mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Baada ya hapo mvuto mmoja kwa dakika unatosha. Anayefyonza haraka huipandisha joto na kupata uchungu, halafu huandika kwamba biri ni chungu.

Ulimi hutambua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua, na harufu huifikia kwa mlango wa nyuma wa koo. Kwa hiyo muonjaji hushika moshi mdomoni, huutoa mwingi, na sehemu ndogo iliyobaki huipitisha puani taratibu akipumua nje, bila kuipeleka mapafuni. Kwa Serie D No. 4 pilipili manga huja mara moja, ikikuchoma puani. Ikitulia, kwenye theluthi ya pili, unapata udongo uliolowa, ngozi, kahawa iliyokaangwa sana, na chini yake utamu wa kakao isiyo na sukari. Theluthi ya mwisho ni nzito. Nikotini na lami zimekusanyika upande wa kichwa, na robo saa iliyobaki ni ya ukali zaidi ya harufu. Iache moto unapoanza kuumiza ulimi. Hakuna sifa katika kuimaliza mpaka vidole viungue.

Majivu nayo husemwa sana. Wengi huvutiwa na majivu meupe marefu yasiyodondoka. Yanaonesha kwamba majani ya kati ni marefu na yamepangwa vizuri, kwa hiyo ni ushahidi wa mkono. Rangi yake hutegemea zaidi madini ya udongo. Sijapata kuona majivu meupe yakiifanya biri mbaya kuwa nzuri.

Katika kueleza ladha, watu wa pwani tuna hazina ambayo hatuitumii. Waandishi wa biri wa Marekani na Ulaya huandika cheri, siagi ya karanga, mkate wa tangawizi wa Krismasi, na wanaoiga kwetu huyanakili hayo bila kuwahi kuyanusa. Pua ya mtu aliyelelewa Unguja, Mombasa au Lamu inajua tofauti kati ya karafuu mbichi iliyoanikwa leo na karafuu kavu ya mwaka jana. Inajua udi unapoanza kushika moto na unapoanza kuungua. Inaijua iliki, kungumanga, mdalasini, tende mbivu na tende kavu, korosho zilizobanikwa na ganda la korosho linalowaka. Moshi wa biri una mambo mengi ya familia hiyo. Namsihi muonjaji wa Kiswahili aandike alichonusa kwa vitu vya jikoni na sokoni kwake, kwa sababu neno ambalo hana kumbukumbu nalo puani halimsaidii yeye wala msomaji wake.

Sasa tuje kwenye namba. Jarida la Cigar Aficionado lilianzishwa mwaka 1992 na Marvin Shanken, mchapishaji wa jarida la mvinyo la Wine Spectator, naye akaihamishia kwenye biri mizani ya alama 100 iliyokwisha kuzoeleka kwenye mvinyo. Alama 95 hadi 100 ni za biri ya kihistoria, 90 hadi 94 ni bora sana, 80 hadi 89 ni nzuri, na chini ya 70 mnunuzi anaambiwa asipoteze fedha. Waonjaji wake hupewa biri zilizovuliwa chapa na kuvishwa namba, na mtu mmoja tu ndiye anayejua ipi ni ipi. Hutazama mwonekano na usokotaji, ladha, jinsi inavyovutika, kisha maoni ya jumla. Namba moja hutoka.

Kuvua chapa ni jambo la haki, nami nalisifu bila kusita. Anayejua kwamba ameshika Cohiba ya bei ya mshahara wa wiki huanza kuitafutia ladha za bei hiyo. Lakini namba moja ya mwisho ina udhaifu ambao kuvua chapa hakuuponyi. Mtakwimu Robert Hodgson aliwachunguza majaji wa mvinyo katika maonesho ya jimbo la California, akawapa mvinyo uleule, kutoka chupa ileile, mara tatu bila wao kujua. Katika utafiti alioutoa mwaka 2008 ilionekana kwamba ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyeweza kurudia hukumu yake ndani ya daraja lilelile la medali. Hao walikuwa majaji wazoefu, na mvinyo haukuwa umebadilika hata tone. Muonjaji wa biri hana hata chupa moja ya kurudia. Kila biri ni nyingine.

Tena mizani ya 100 haitumiki yote. Soma kurasa za alama kwa muda utaona nyingi zimebanana kati ya 85 na 95. Tofauti ya 89 na 90 ni ndogo kuliko uwezo wa ulimi wa mtu yeyote, lakini dukani ni kubwa, kwani ya 90 huisha rafuni na ya 89 hubaki.

Pendekezo langu ni alama za kumi kumi, mbili, zikiandikwa ubavu kwa ubavu. Alama ya mkono ihesabu upitaji wa hewa, ukingo wa moto, uimara wa jani la nje, na kama biri ilihitaji kuwashwa tena. Mambo haya watu wawili wanaweza kukaa wakayaona na kukubaliana. Alama ya jani iwe ya harufu, mabadiliko yake kutoka theluthi hadi theluthi, na kinachobaki mdomoni. Hii ni ushahidi wa pua moja, na isomwe hivyo. Na zote mbili ziwekwe baada ya kuvuta biri tatu angalau za sanduku moja, kwa siku tofauti, ili tukaribie ile haki ya vikombe vitano.

Kwa kipimo hicho, Partagás ya Cuba naipa mkono 7 na jani 9. Ladha yake ina kina na haikai mahali pamoja, lakini ndani ya sanduku moja kuna iliyobanwa na iliyolegea. Partagás ya Jamhuri ya Dominika yenye jani la Kameruni naipa mkono 9 na jani 7. Moto wake unakwenda sawa kila mara, utamu wake mkavu unapendeza, ila baada ya nusu umekwisha kusema yote. Jumlisha, zote mbili zina 16. Msomaji aliyepewa hiyo 16 peke yake angedhani ni biri zinazofanana, akanunua yoyote. Aliyepewa namba mbili anajua kwamba anayechukia biri inayoziba achukue ya pili, na anayevumilia kasoro kwa ajili ya harufu achukue ya kwanza.

Kuna hesabu nyingine ambayo magazeti ya biri huipita haraka, nami sitaipita. Biri kubwa yaweza kuwa na tumbaku hadi gramu 20, wakati sigara ya kawaida haina hata gramu moja. Kutomeza moshi hakumwokoi mtu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya ushahidi katika ripoti ya mwaka 1998 na kuthibitisha kwamba uvutaji wa biri husababisha saratani ya kinywa, koromeo, umio na mapafu. Sigmund Freud, aliyefikisha hata biri 20 kwa siku, alikutwa na saratani kinywani mwaka 1923, akafanyiwa zaidi ya operesheni 30 na kuwekewa kaakaa la bandia, akaendelea kuvuta, akafa London mwaka 1939. Kinywa hichohicho ndicho chombo cha kazi cha muonjaji. Kadiri anavyofanya kazi nyingi ndivyo anavyokiharibu, na hapo ni tofauti na muonja kahawa, ambaye hutema akaenda zake nyumbani mzima.

Kwa hiyo wewe usiyevuta, usianze kwa ajili ya sura hii. Biri isiyowashwa unaweza kuinusa, kuibonyeza, kutazama mshono wake na kumtambua fundi, na utakuwa umejua nusu ya yale ambayo muonjaji anayajua. Na wewe unayevuta na unataka kuandika, usivutie ndani palipo na watoto, vua chapa kabla ya kuanza, na geuza sanduku la Cuba utazame chini yake: utakuta msimbo wa kiwanda na mwezi na mwaka wa kufungwa. Nakili hivyo vyote, kisha andika alama zako mbili. Bila tarehe na kiwanda, alama hiyo haitamsaidia mtu atakayenunua sanduku jingine.